Kuipunguza /home ili /var ipumue: kugawa upya nafasi ya diski kwa LVM

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, kijana wa kaunta alinipigia simu. "Dada, mfumo umegoma. Nikibonyeza kuhifadhi mauzo unazunguka tu." Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi hapa Tanga: mabati, misumari, rangi, mabomba. Seva yao ni kompyuta ya kawaida ya mezani, imekaa stoo nyuma ya ndoo za rangi, inaendesha Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Nilipofika niliandika amri ninayoanza nayo siku zote:

```
df -hT
```

/var ilikuwa imejaa asilimia 100. /home ilikuwa asilimia 15. Mzee mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali lake: "Mwanangu, hiyo diski si tulinunua ya GB 500? Zimeliwa na nani?"

Hazijaliwa. Zimefungiwa chumba ambacho hakina mtu. Kisakinishi cha Debian kina chaguo la kutenga /home, /var na /tmp kila moja peke yake, na aliyesakinisha alilichagua kisha akaendelea kubonyeza Enter mpaka mwisho. Kwa chaguo hilo /var ilipata GB 9 na ushee, na /home ikachukua karibu kila kilichobaki. Kwa kompyuta ya mtu anayetunza picha na sinema zake ni sawa. Kwa seva yenye MariaDB ni kinyume kabisa, maana hifadhidata hukaa /var/lib/mysql, kumbukumbu za mfumo hukaa /var/log, na /home wanaingia watu wawili watatu wenye faili za kuskani.

Bahati ni kwamba Enter hizo zilipita pia kwenye LVM, mpango wa kugawa diski ambao mipaka yake inaweza kusogezwa baadaye. Kama ingekuwa mgawanyo wa kawaida wa diski, mambo yangekuwa magumu zaidi.

Pazia na mkeka

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi. Mgawanyo wa kawaida wa diski ni nyumba yenye kuta za tofali: ukitaka chumba kikubwa, vunja. LVM ni ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mapazia. Ukumbi wote ni kundi, ambalo amri zinaliita VG. Sakafu yake imetokana na diski moja au zaidi, yaani PV. Kila chumba kilichotengwa kwa pazia ni voliumu, LV. Sakafu imepimwa kwa vigae vya MB 4 kila kimoja, na pazia haliwezi kukaa katikati ya kigae. Ndiyo maana ukiomba ukubwa wa ajabu ajabu LVM huukadiria hadi kigae kizima. Mpango huu uliingia Linux mwaka 1998 kwa mkono wa Heinz Mauelshagen, aliyeufuatisha ule uliokuwa kwenye HP-UX.

Sasa kitu ambacho watu husahau: ndani ya kila chumba kuna mkeka uliotandikwa kutoka pazia hadi pazia. Mkeka ni mfumo wa faili, kwa mfano ext4 au XFS, na faili zako zimekaa juu ya mkeka, si juu ya sakafu. Pazia na mkeka ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina amri yake.

Ukiongeza chumba, sogeza pazia kwanza, kisha tandaza mkeka. Ukipunguza chumba, kunja mkeka kwanza, ndipo usogeze pazia. Ukianza na pazia unaukata mkeka ukiwa na watu wamekaa juu yake. Nitarudi hapo, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshaukata.

Huduma ya kwanza, siku yenyewe

Kazi ya kugawa upya haifanywi Ijumaa jioni wateja wamejaa. Siku ile nilitafuta pumzi ya kuwafikisha Jumapili tu:

```
journalctl --vacuum-size=200M
apt clean
du -xh --max-depth=2 /var | sort -h | tail
```

Mbili za kwanza zilirudisha karibu GB 1.5. Ya tatu inaonyesha ni nani aliyenenepa. Ukikuta ni faili moja ya kumbukumbu iliyovimba kwa sababu programu fulani inalalamika mara mia kwa sekunde, tibu programu hiyo, usihangaike na LVM. Hapa ilikuwa hifadhidata yenyewe, imekua taratibu kwa miaka mitatu ya mauzo halali. Angalia pia `df -i`, maana kuna siku nafasi ipo lakini idadi ya faili imefika kikomo, na hilo ni tatizo jingine.

Usifute kitu ndani ya /var/lib/mysql kwa mkono. Nimekutana na mtu aliyefuta ibdata1, faili ya data ya MariaDB yenyewe, kwa sababu "ni kubwa na haieleweki".

Kabla ya kumnyang'anya mtu, angalia kama kuna kilichobaki

```
vgs
lvs
```

Kwenye `vgs` tazama safu ya VFree. Mara nyingine kazi yote huishia hapo. Kisakinishi cha Ubuntu Server, kwa mfano, ukikubali mpango wake wa LVM kwenye diski inayozidi GB 200, huupa mzizi, yaani /, GB 100 tu na kuacha nyingine zote zimelala ndani ya kundi. Nimeitwa mara kadhaa kwa ajili ya "seva iliyojaa" ambayo ilihitaji mstari mmoja wa lvextend, nikaondoka kabla chai haijapoa.

Hapa dukani VFree ilikuwa sifuri, na `lvs` ikaonyesha hivi:

```
LV      VG       Attr        LSize
home    duka-vg  -wi-ao----  429.30g
root    duka-vg  -wi-ao----   23.28g
swap_1  duka-vg  -wi-ao----  976.00m
tmp     duka-vg  -wi-ao----    1.86g
var     duka-vg  -wi-ao----    9.31g
```

Neno moja kuhusu majina, kwa kuwa huwachanganya wengi. Voliumu ya home utaikuta kama /dev/duka-vg/home, na pia kama /dev/mapper/duka--vg-home. Kistari kilichomo ndani ya jina la kundi hurudufiwa ili kitofautishwe na kile kinachotenga kundi na voliumu. Ni kitu kilekile.

Angalia tena ile `df -hT`, safu ya aina. Ikisema ext4, endelea kusoma. Ikisema xfs, ruka uende kwenye sehemu yake huko chini, kwa sababu mkeka wa XFS haukunjiki.

Jumapili

Kitu cha kwanza ni bakapu, tena kwenye diski ya nje, si folda nyingine ndani ya kundi lilelile. Nilichukua nakala ya hifadhidata kwa mariadb-dump na faili za /home kwa rsync. /home ilikuwa na GB 61 tu. Kisha nikafungua faili tatu za PDF kutoka kwenye bakapu kwa kompyuta yangu nione kama kweli zinafunguka. Bakapu ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu.

Kitu cha pili ni umeme. Kukunja ext4 ni kazi ya kuhamisha data kutoka upande mmoja wa diski hadi mwingine, na ikikatikia njiani utajuta. Nilileta UPS yangu mwenyewe kutoka nyumbani, maana ya duka ilikuwa inapiga kelele tangu mwaka juzi na hakuna aliyeijali.

Kisha hesabu, kwenye karatasi. /home ina GB 429, inatumia 61. Nikaipangia 200, inatosha miaka mingi kwa kasi yao. Zinabaki 229. /var nikaiongezea 60. Na hizo 169 nyingine? Nikaziacha bila mwenyewe, ndani ya kundi. Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu wengi. Wao huandika `-l +100%FREE` na kumpa mmoja zote kwa sababu nafasi isiyo na mwenyewe inawakera. Lakini kuongeza ext4 ni kazi ya sekunde chache huku watu wanaendelea na shughuli zao, na kupunguza ni Jumapili nzima yenye UPS na wasiwasi. Sasa ukishagawa zote, mara ijayo utarudi kwenye kupunguza.

Kama unataka kujua mkeka unaweza kukunjwa hadi wapi, muulize mwenyewe:

```
resize2fs -P /dev/duka-vg/home
```

Itakupa idadi ya bloku, kwa kawaida za KB 4 kila moja. Zidisha mwenyewe. Ukubwa unaoutaka uwe juu ya hapo kwa nafasi ya kutosha.

Sasa /home inabidi ishushwe, yaani itenganishwe na mfumo kwa umount, kwa sababu ext4 haikunjiki ikiwa inatumika. Hapa ndipo watu hukwama na ujumbe kwamba kifaa kina shughuli. Ukiingia kwa SSH kama mtumiaji wa kawaida kisha ukajigeuza root, yaani msimamizi mkuu, bado umekalia /home wewe mwenyewe. Kaa mbele ya mashine, ingia moja kwa moja kama root, ambaye nyumba yake ni /root, halafu uliza nani mwingine yupo ndani:

```
fuser -vm /home
systemctl stop smbd
umount /home
```

Kwangu aliyekuwa amebaki ni Samba, kwa vile folda ya kuskani ilikuwa inashirikishwa kwa kompyuta ya kaunta. Usitumie nguvu kuishusha. Mtafute aliyekaa, umwombe atoke.

Sasa kukunja mkeka:

```
e2fsck -f /dev/duka-vg/home
resize2fs /dev/duka-vg/home 190G
```

Ya kwanza ni ukaguzi, na ukiiruka resize2fs itakataa kuendelea. Ona kwamba nimeandika 190 wakati nataka 200. Ni ile tabia ya fundi cherehani ya kuacha pindo. Mkeka wa 190 ndani ya chumba cha 200 hauna namna ya kukatwa, hata kama mimi na mashine tumekosana kwenye hesabu. Hatua hii ndiyo iliyochukua muda, dakika 40 hivi kwenye diski yao ya kuzunguka. Skrini inakaa kimya. Usibonyeze Ctrl+C kwa sababu umechoka kusubiri.

Ikimaliza, pazia:

```
lvreduce -L 200G duka-vg/home
```

Itakupigia kelele kwa herufi kubwa kwamba unaweza kuharibu data, na itakuuliza y au n. Soma swali lake mpaka mwisho, hasa ile namba. `-L 200G` maana yake ifanye iwe 200. `-L -200G`, yenye kistari, maana yake ipunguze kwa 200, na kwenye voliumu ya 429 hiyo ingekuacha na 229. Leo kosa hilo lingekuwa salama, lakini mkeka ungekuwa mkubwa zaidi kidogo lingekata. Ninapopunguza situmii kistari kamwe. Naandika ukubwa wa mwisho.

Kisha tandaza mkeka ujaze chumba, na urudishe:

```
resize2fs /dev/duka-vg/home
e2fsck -f /dev/duka-vg/home
mount /home
systemctl start smbd
```

resize2fs ikikosa namba hujaza hadi ukingoni, kwa hiyo pindo lile la GB 10 halipotei.

Ndiyo, ipo njia ya mkato. `lvreduce -r -L 200G duka-vg/home` hufanya yote haya kwa mpangilio sahihi, ukaguzi ukiwemo. Siku hizi naitumia nikiwa na haraka. Lakini fanya kwa mkono angalau mara moja, ili siku ikikwama katikati ujue imekwama kwenye mkeka au kwenye pazia.

Baada ya hapo /var ilikuwa mchezo:

```
lvextend -r -L +60G duka-vg/var
```

Hakuna kushusha kitu, hakuna kuzima MariaDB. Herufi -r ndiyo inayotandaza mkeka baada ya pazia. Ukiisahau, lvs itaonyesha 69 na df itaendelea kuonyesha 9, na utadhani umerogwa. Dawa yake ni `resize2fs /dev/duka-vg/var` tu. Na kwa nyongeza, hapa alama ya kujumlisha ndiyo ninayoitaka, kwa sababu nikikosea sana sana nitaongeza nisichohitaji.

Siku niliyoukata mkeka

Ilikuwa 2019, kwa mteja ambaye nitamwacha bila jina. Usiku, peke yangu, nimejiamini. Nikaandika lvreduce bila -r, kabla ya resize2fs. Ile kelele ya herufi kubwa ikaja, nikajibu y kama ninavyojibu kila kitu. Nilipojaribu kupandisha voliumu, ikakataa ikisema hesabu ya bloku inazidi ukubwa wa kifaa. Mkeka ulikuwa unadai sehemu ambayo haipo tena chumbani.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Kwanza, nilitoa mikono kwenye kibodi. Sikukubali e2fsck "irekebishe", na sikuwa bado nimempa mtu mwingine vile vigae. Kusogeza pazia hakufuti kilicho sakafuni. Data ilikuwa palepale, ila imeachwa nje. Pili, LVM huandika ramani ya kundi kila kabla ya kuibadilisha, na kuiweka /etc/lvm/archive. Kwa hiyo:

```
vgcfgrestore --list jina-la-kundi
lvchange -an jina-la-kundi/home
vgcfgrestore -f /etc/lvm/archive/FAILI.vg jina-la-kundi
lvchange -ay jina-la-kundi/home
e2fsck -f -n /dev/jina-la-kundi/home
```

Kila faili kwenye orodha hiyo inaeleza ilichukuliwa kabla ya amri gani, kwa hiyo tafuta ile inayotaja lvreduce yako. Alama ya -n kwenye e2fsck inamwambia atazame tu, asiguse. Iliporudi safi nilikaa chini sakafuni, sakafu ya kweli, ya saruji. Kama ningekuwa tayari nimefanya lvextend kwa voliumu nyingine na data mpya imeandikwa juu ya vigae vile, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia, ningekuwa na deni.

Kama ni XFS

Familia ya Red Hat, yaani RHEL, Rocky, AlmaLinux, hutumia XFS kama chaguo la kawaida tangu RHEL 7 ya mwaka 2014, na kisakinishi chake hupenda kuupa mzizi makumi ya GB tu na kuirundikia /home iliyobaki. XFS hukua vizuri sana ikiwa inatumika, kwa xfs_growfs au kwa ileile lvextend -r. Kupungua, kwa kazi za kawaida, sahau. Njia ni kuhama na kujenga upya:

```
tar --acls --xattrs --selinux -cpf /mnt/nje/home.tar -C /home .
umount /home
lvremove rl/home
lvcreate -L 200G -n home rl
mkfs.xfs /dev/rl/home
mount /home
tar --acls --xattrs --selinux -xpf /mnt/nje/home.tar -C /home
restorecon -R /home
```

Ukishaandika lvremove, bakapu ndiyo data yako pekee. Pima ukubwa wa faili ya tar, orodhesha yaliyomo kwa `tar -tf`, ndipo uendelee. Tazama pia /etc/fstab. Kama /home imetajwa kwa njia ya /dev/mapper hakuna shida, lakini kama imetajwa kwa UUID, namba ya utambulisho ya mkeka wenyewe, mkeka mpya una UUID mpya. Usiporekebisha, mashine itasubiri sekunde 90 inapowaka kisha ikuangushe kwenye hali ya dharura, na kwa kawaida utagundua Jumatatu asubuhi.

Mabaki

Swap haina mkeka wa kukunja. Izime kwa swapoff, badilisha ukubwa kwa lvresize, andika mkswap, washa kwa swapon. Onyo la UUID linahusu hapa pia.

Mzizi ukiwa ext4 unaweza kuuongeza ukiwa unaendesha mashine, lakini kuupunguza lazima uwashe kompyuta kwa flashi, uandike `vgchange -ay` ili kundi lionekane, kisha ufuate hatua zilezile. Mimi huepuka.

ext4 huweka kando asilimia 5 kwa ajili ya root. Kwenye /home ya GB 200 hiyo ni GB 10 ambazo hakuna karani atakayezigusa. `tune2fs -m 1 /dev/duka-vg/home` inazirudisha nyingi. Kwenye mzizi na /var ziache, ndizo zinazokuwezesha kuingia na kusafisha pakijaa.

Na ukiwa na fedha ya diski nyingine, `pvcreate` na `vgextend` zitapanua ukumbi bila kumnyang'anya mtu. Ila ujue voliumu iliyotanda juu ya diski mbili hufa diski yoyote kati ya hizo ikifa. Kwa duka lile nilimshauri mzee anunue diski, lakini ya bakapu.

Nilipomaliza, niligandisha karatasi kwa gundi ya kaki juu ya kasha la seva: amri ya vgs, na chini yake `lvextend -r -L +20G duka-vg/var`, pamoja na maneno "IKIFIKA 85%, SI KABLA". Yapata miezi minane baadaye kijana wa kaunta alinitumia ujumbe. "Dada, nimeongeza 20. Zimebaki 149."